Wingi wa Watu Hautibu Kipimo Kibovu

Swali hili limenifikia mara nyingi mno sasa, tena kutoka kwa wasomi: "Sampuli yetu ina watu 20,000. Makosa ya kipimo si yatafutana yenyewe?" Hapana, hayafutani.

Ukitaka wastani tu wa presha ya mji mzima, sawa: huyu kazidishiwa, yule kapunguziwa, wingi wa watu unayameza. Lakini tafiti zetu zinauliza jambo jingine: presha ikipanda kiasi fulani, hatari ya kiharusi inapanda kiasi gani? Aliyeandikwa 180 huenda alitoka kupanda ngazi mbio, au mkono wake uliachwa ukining'inia, au alikuwa akiongea na nesi huku mashine ikisoma; siku nyingine yuko kwenye 160. Aliyeandikwa 90 naye kwa kawaida yuko juu ya hapo. Basi kwenye karatasi umewatenganisha watu kuliko walivyotengana kweli, na tofauti ya maradhi baina yao unaigawanya kwa pengo lililotiwa chumvi. Kama asilimia 60 tu ya mtawanyiko wa namba zako ni tofauti za kweli baina ya watu, utapata takriban asilimia 60 ya athari ya kweli. Ni hivyo kwa watu 500, na ni hivyo kwa 500,000. Wingi unakuongezea uhakika wa jibu lisilo sahihi, basi.

Mwaka 1990 MacMahon na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet uchambuzi wa tafiti 9 zenye watu wapatao 420,000. Walirekebisha kasoro hii kwa vipimo vya marudio kutoka Framingham, Marekani, na uhusiano wa presha na kiharusi na maradhi ya moyo ukawa mkubwa kwa takriban asilimia 60 kuliko ulivyokuwa ukichapishwa. Wingi wa watu ulikuwepo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni kupima tena.

Wala msirukie kusema kwamba ukweli daima ni mkubwa kuliko mlichopata. Pima uvutaji sigara ovyo katika utafiti wa kahawa na saratani ya mapafu, na kwa kuwa viwili hivi mara nyingi huenda pamoja, kahawa itabebeshwa lawama ya sigara.

Mfanye nini? Fungueni daftari kwanza: mashine ya zebaki ina alama kila milimita 2, kwa hiyo 0 mwishoni itarajiwe kama mara moja kati ya tano. Ukurasa uliojaa 120/80, 130/90 na 140/90 ni wa watu waliokadiriwa, hawakupimwa. Rudieni kipimo kwa baadhi ya washiriki waliochaguliwa kwa bahati nasibu, au kilinganisheni na kipimo cha presha cha saa 24, kisha rekebisheni kwa kalibresheni ya rigresheni, yaani, kwa hali rahisi, igawanyeni athari mliyopata kwa ile sehemu ya mtawanyiko iliyo ya kweli. Hamna marudio? Jaribuni viwango mbalimbali vya kosa, mchapishe jinsi jibu linavyoyumba. Kugawa namba kuwa "juu" na "chini" hakuondoi kosa lolote. Na fedha zikiwa chache, punguzeni washiriki mwapime mara mbili.