Nyonga ya shangazi na utando wa plazima

UKITAKA kuijaribu nyonga, ipandishe vilima vya Nzahaha, wilayani Rusizi, Rwanda. Shangazi yangu alirudi huko kutoka Kigali akiwa na nyonga ya bandia na magongo mawili. Alikuwa na swali moja tu: "Mwanangu, chuma hiki kimeshikwa na nini? Nikilima si kitachomoka?"

Nyonga aliyoianzisha John Charnley wa Uingereza mwaka 1962 hushikizwa kwa saruji maalumu. Kwa baadhi ya wagonjwa saruji hulegea baada ya miaka, wakalazimika kupasuliwa tena.

Ya shangazi haina saruji. Ni ya jamii ile aliyoanza kuitumia Mwingereza mwingine, Ronald Furlong, mwaka 1985. Unga wa haidroksiapataiti, madini yanayofanana na yale yanayoupa mfupa ugumu, hupitishwa kwenye plazima, yaani gesi iliyopashwa kwa umeme hadi maelfu ya nyuzi joto. Chembe zake huyeyuka, hugonga titani na kuganda papo hapo. Utando wake haufiki hata nusu milimita, lakini mfupa huupokea na kuota juu yake.

Joto likikosewa, utando huyeyuka mwilini mapema. Ndiyo maana watafiti bado wanauchunguza.

Nilimweleza kwamba mfupa hauoti kwa siku moja, asiache magongo kabla daktari hajaruhusu. Akacheka. "Kumbe ni mche! Hautikiswi kabla haujashika mizizi."

Jembe lake bado limeegemea ukuta.