Karura: Uwanja wa wakimbiaji unaolindwa na hela za langoni

NI Jumamosi asubuhi na baridi ya Nairobi bado inauma. Kwenye lango la Limuru Road magari yamepanga foleni utadhani kuna gozi la Mashemeji kati ya Gor Mahia na AFC Leopards. Ila hapa hakuna jezi wala vuvuzela. Kuna raba zenye matope ya wiki jana, makundi ya wakimbiaji yanayonyoosha misuli, wazee na fimbo zao za kutembelea, na kina mama wanaosukuma vigari vya watoto. Kila mtu analipa kiingilio, kisha anapotelea mitini.

Msitu wa Karura una ukubwa wa takriban hekta 1,000, na njia za kukimbia, kutembea na kuendesha baiskeli zinazozidi kilomita 50. Mkimbiaji anaweza kupiga kilomita 20 humo ndani bila matatu kumpulizia moshi usoni. Udongo mwekundu unayahurumia magoti kuliko lami. Na kwa kuwa Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, anayejinoa kwa marathon anapata hewa nyembamba bila kulipa nauli ya kwenda Iten. Si Iten yenyewe, bwana, lakini mapafu yanajua tofauti.

Wengi wanaofukuzana na saa zao humo walikuwa bado wachanga, au hawajazaliwa, wakati Karura ilipokuwa jina la kuogofya. Miaka ya tisini mtu hakuingia huko peke yake. Wezi walijificha humo, na vipande vya msitu vilikuwa vimegawiwa mabwanyenye wa kujenga nyumba. Januari 8, 1999, Profesa Wangari Maathai na wenzake walifika langoni kupanda mti mmoja tu. Walivamiwa na genge la wanaume, wakapigwa na kujeruhiwa. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia barabarani, na ujenzi ukakwama. Miaka mitano baadaye, Maathai akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Lakini kuokoa msitu ni bao la kwanza tu. Mechi ngumu ilikuwa kuulinda. Sheria ya Misitu ya 2005 iliruhusu wananchi kuunda vyama vya kushirikiana na Huduma ya Misitu nchini (KFS), na huko Karura ndiko kulikozaliwa chama cha Friends of Karura. Ua wa umeme ukajengwa. Vijana wa kijiji cha Huruma kinachopakana na msitu (si ile Huruma ya karibu na Mathare) wakaajiriwa kuwa walinzi wa doria. Watu walipoona askari njiani, waliingia. Na kadiri walivyozidi kuingia, wezi walikosa pa kujificha. Mkimbiaji wa saa kumi na mbili unusu asubuhi, bila kujua, akawa naye ni mlinzi.

Ila huyo huyo ndiye anayeuchosha msitu. Mvua ikinyesha, njia zinajaa madimbwi. Badala ya kukanyaga tope, watu wanapita kando, kwenye nyasi na miche. Wiki ijayo pale kando pamekuwa njia, na dimbwi limesogea. Njia ya mita mbili inakuwa ya nne, mizizi inaachwa wazi, na maji yanabeba udongo hadi mtoni. Waendesha baiskeli wakifunga breki kwenye mteremko wanaongeza mitaro yao. Mwanariadha aliyezoea mbio za nyika anajua dawa yake: pita katikati, raba zitaoshwa. Wengi hawapendi hilo.

Kuna pia suala la chupa. Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo yanayohifadhiwa nchini, misitu ikiwemo. Anayekuja na maji ya dukani anaachana nayo langoni. Chupa ya chuma basi, au kiu.

Ndani zaidi, kazi ambayo mkimbiaji haioni inaendelea taratibu. Sehemu kubwa ya Karura ilipandwa mikaratusi, mti wa kigeni unaokua haraka na kunywa maji kama mchezaji aliyecheza dakika 120. Mikaratusi inakatwa awamu kwa awamu, na nafasi yake inachukuliwa na miti ya kiasili kama muhugu na mutamaiyu. Usishtuke ukipita njia uliyoizoea na kukuta visiki. Wengine hupiga picha na kupandisha hasira mtandaoni kabla ya kuuliza. Baada ya yaliyotokea miaka ya tisini, si ajabu.

Yote haya yanahitaji hela: doria, ukarabati wa ua, kufukia mitaro, vitalu vya miche. Kwa miaka mingi kiingilio cha Mkenya mtu mzima kilikuwa Sh100, na Friends of Karura walikuwa na usemi kuhusu matumizi yake. Agosti 2025, KFS ilitangaza kuwa malipo yaende moja kwa moja kwenye mfumo wa serikali wa eCitizen. Mvutano ukafika kortini. Wanaounga mkono eCitizen wanasema msitu ni mali ya umma na hela ya umma lazima ionekane. Wanaopinga wanauliza: mti ukianguka juu ya ua usiku, fundi atangoja hela hadi lini? Swali la pili ndilo zito. Ua uliolala chini hausubiri bajeti.

Na kuna wanaobaki nje kabisa. Kijana wa mtaani anayetaka kujifua mara nne kwa wiki alihitaji Sh400 hata kwa kiingilio kile cha zamani, na hiyo ni chapati madondo ya siku kadhaa. Huyo anaishia kukimbia kando ya Thika Road, akikwepa bodaboda.