Tarumbeta Inayoanza kwa Mbegu

Mipango ya miradi ya kuhifadhi utamaduni inafanana. Kuna semina ya uzinduzi, kuna fulana zenye nembo, kuna vinasa sauti, na mwisho kuna ripoti. Ndiyo maana, nilipokuwa nikifuatilia habari za bigwala, muziki na ngoma ya kifalme ya tarumbeta za vibuyu ya Wasoga wa mashariki ya Uganda, nilikwama kwenye kazi moja iliyopangwa sambamba na mafunzo na maonyesho: kulima mimung'unye. Kulima hasa, kwa jembe. Na aliyekuwa akilihangaikia jambo hilo hakuwa bwana shamba. Alikuwa mhadhiri wa muziki.

Anaitwa James Isabirye, wa Chuo Kikuu cha Kyambogo, jijini Kampala. Kyambogo ni chuo kilichozaliwa mwaka 2003 kwa kuunganisha taasisi tatu, mojawapo ya kufundishia walimu, na hadi leo kina harufu ya chaki. Huko ndiko mtu huyu alikoanza kujiuliza swali ambalo, kwa jinsi ninavyolielewa, limemchukua sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi: muziki ukibakiwa na wazee wachache wanaoujua, mwalimu wa chuo kikuu afanye nini? Auandike kitabu? Aurekodi? Au akatafute mbegu?

Niruhusu nikae kidogo kwenye mbegu.

Mmung'unye ni mtambaazi mwenye tabia zake. Maua yake ni meupe na huchanua jioni, wakati maua mengine yanafunga, yakiwangoja nondo. Tunda likiachwa lilale ardhini, hupinda na kunenepa upande. Likining'inizwa kwenye kichanja au tawi la mti, uzito wake wenyewe hulivuta chini likanyooka. Anayetaka chombo cha maji huenda asijali. Anayetaka tarumbeta lazima ajali, kwa sababu urefu na upana wa bomba ndio unaoamua sauti. Kisha kuna jambo la ukoo wa mbegu. Mmung'unye wa shingo ndefu ukipandwa jirani na wa mviringo, wadudu watachanganya chavua, na msimu unaofuata utavuna matunda yasiyofaa kwa supu wala kwa ikulu. Ili uwe na tarumbeta zile zile kizazi baada ya kizazi, lazima pawe na mtu anayechagua tunda, anayelitenga, anayelikausha, anayetunza mbegu mahali pasipofikiwa na panya.

Kwa karne nyingi mtu huyo hakuwa na cheo. Alikuwa mama wa nyumbani aliyehitaji kibuyu cha maji, cha maziwa, cha pombe. Mwanamuziki alikuja kuchukua chake kwenye mavuno ambayo tayari yapo. Ndipo likaja dumu la plastiki, jepesi, halivunjiki, na la bei nafuu. Dumu halikuwa na ugomvi wowote na muziki wa kifalme, lakini lilipoingia jikoni, mmung'unye ulitoka shambani, na tarumbeta ikapungukiwa na malighafi bila mtu yeyote kuipiga marufuku. Hili halimo katika historia za siasa tunazofundishwa, na naona ni pengo.

Tunda likishakauka hukatwa, husafishwa ndani, vipande vikaunganishwa kuwa bomba refu, na tundu la kupulizia likatobolewa ubavuni. Msomaji wa pwani ataitambua familia hii mara moja. Siwa ya Pate ya pembe za ndovu na siwa ya Lamu ya shaba nazo hupulizwa ubavuni, nazo zilikuwa sauti za utawala na za sherehe kubwa. Tofauti ni kwamba siwa zile mbili ziko makumbusho ya Lamu, na pembe na shaba havioti. Kibuyu huoza, huliwa na wadudu, hupasuka mtoto akikikalia. Chombo cha namna hii hakiwezi kudumu kwa kuwekwa kabatini. Hudumu kwa kutengenezwa tena.

Sasa fikiria kinavyopigwa. Kila tarumbeta ya bigwala ina sauti moja tu. Zinahitajika tano au zaidi. Wa kwanza anaanza, wa pili anaingia katika nafasi aliyoachiwa, wa tatu katika nafasi ya hao wawili, mpaka kutoka katika midomo ya watu wote hao unatokea wimbo mmoja ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga. Waimbaji huingia, kisha wachezaji huwazunguka wapigaji wakitikisa viuno taratibu, na ngoma ikikolea wanawake hupiga vigelegele. Maneno ya nyimbo husimulia habari za Wasoga na za Kyabazinga, mtawala wao. Ilikuwa ngoma ya kutawazwa na ya kuzikwa, ingawa siku hizi hupigwa pia kwenye hafla za kawaida.

Historia iliyoiangusha msomaji anaijua. Mwaka 1966 majeshi ya Milton Obote yaliivamia ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, huko Lubiri, na katiba ya mwaka uliofuata ikafuta falme zote. Ziliporudishwa mwaka 1993, wapigaji wengi walikuwa wamezeeka au wamekwisha kufa. UNESCO ilipoiweka bigwala kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, mwaka 2012, ilieleza kuwa wamebaki wazee wanne tu wenye ujuzi wa kutosha wa kutengeneza, kupiga na kucheza. Wanne, kwa muziki unaohitaji watu watano.

Isabirye hakuanza na chuo. Hilo ndilo ninalolipenda katika kazi yake. Wazee hawakuhamishiwa Kampala wakapewa ofisi na kadi ya utambulisho. Vijana walijifunzia kwa wazee, huko huko Busoga, kwa kusikiliza, kuiga, kukosea na kucheka. Mhadhiri alikuwa kiungo kati ya wazee, vijana, shule, maofisa wa ufalme na wafadhili. Baadaye aliyachambua yaliyotokea katika tasnifu yake ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, na kichwa cha tasnifu hiyo kina kitu ambacho sijakizoea katika vichwa vya tasnifu: furaha. Kwa maelezo yake, vijana walijifunza kwa sababu waliona muziki ule unawahusu wao ni nani, kwa sababu waliachiwa nafasi ya kuamua na kutenda, na kwa sababu walikuwa na shauku iliyojaa furaha. Utambulisho, uwezo wa kutenda, furaha. Anaviweka vitatu hivyo kwenye mizani moja na anakataa kukiita cha tatu pambo.

Halafu anageuza kidole kuelekea shule. Kama watoto wanaosemekana hawana umakini waliweza kuushika muziki mgumu namna hii kwa mzee asiye na cheti, basi huenda tatizo liko katika jinsi shule inavyofundisha. Elimu ya kikoloni, na ile iliyorithi viti vyake baada ya uhuru, iliwafundisha watoto kuona ngoma za kwao ni mambo ya kishamba. Isabirye anayasema haya akiwa ndani ya chuo kinacholea walimu, jambo linalohitaji moyo: anawaambia wanafunzi wake kwamba fani waliyoijia ina la kujifunza kutoka kwa watu ambao chuo hicho hicho kisingewaajiri.

Wapo waliochukua njia nyingine. Kule Makerere, chuo jirani, Sylvia Nannyonga-Tamusuza alianzisha hifadhi ya sauti na picha inayobeba jina la Klaus Wachsmann, Mjerumani aliyekuwa msimamizi wa makumbusho ya Uganda kuanzia mwaka 1948. Wachsmann alizunguka nchi akirekodi, na rekodi zake, zaidi ya elfu moja, ziliishia Maktaba ya Uingereza huko London. Nakala zake zilirudishwa Kampala mwaka 2009. Hiyo ni kazi kubwa, na sitaki kuipimia kwa kibuyu. Bila rekodi, kijana hana pa kuulizia mzee wa mwisho akishaondoka. Lakini rekodi hukuambia wimbo ulisikikaje. Haikuambii tunda lichumwe likiwa na rangi gani.

Tanzania tulijaribu njia ya tatu. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, aliletwa pwani na serikali ya Mwalimu Nyerere, akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo mpaka zeze na ilimba vikasikika ulimwenguni. Pale bingwa ndiye aliyekifuata chuo. Ukoo wake bado uko Bagamoyo ukipiga, na hakuna anayeweza kusema mpango ule ulishindwa. Ila najiuliza ni vijiji vingapi vya Ugogo vilipoteza mwalimu ili taifa lipate msanii.

Isabirye hakuishia Busoga. Aligeukia entenga, ngoma za ikulu ya Buganda: ngoma 15, kumi na mbili zikiwa zimelinganishwa sauti na kupigwa na watu wanne, tatu zilizobaki zikipigwa na wawili. Nazo zilinyamaza mwaka ule wa 1966. Akamtafuta Mukalazi Livingstone Musisi, mmoja wa wapigaji wa mwisho waliokuwamo ikuluni kabla ya uvamizi, na kundi la vijana likaketi mbele ya mzee huyo kujifunza. Mradi wa Singing Wells, unaoshirikisha Ketebul Music ya Nairobi na wenzao wa Uingereza, ulisaidia kazi hiyo. Tazama aina ya watu wanaohitajika ili ngoma moja irudi: mchonga mizinga, mwamba ngozi, mzee mwenye kumbukumbu, vijana sita wenye muda, fundi wa sauti, ofisa wa ufalme, na mhadhiri anayeweza kuongea na wote hao katika siku moja bila kumdharau yeyote. Vyuo vyetu siku hizi vinapenda kusema vinafanya utafiti unaovuka mipaka ya taaluma. Naomba vijifunze kwa mwenye kichanja cha mimung'unye.

Lakini mhadhiri wa Afrika Mashariki hupandishwa cheo kwa makala zilizochapishwa kwenye majarida. Hapandishwi kwa msimu mzuri wa vibuyu. Isabirye ameandika pia, kwa hiyo mfumo umepata mahali pa kumwekea alama. Je, yule asiyeandika vizuri, ambaye angetunza mbegu vizuri zaidi, chuo kina nafasi gani kwake?

Na kuna swali la mfalme mwenyewe. Henry Wako Muloki, Kyabazinga aliyerudi baada ya falme kurudishwa, alifariki mwaka 2008, na ugomvi wa nani amrithi ukaendelea mpaka William Gabula Nadiope IV alipotawazwa mwaka 2014. Yaani UNESCO iliorodhesha muziki wa kumtukuza mtawala wakati Wasoga wenyewe wakibishana mtawala ni nani. Cheo cha Kyabazinga nacho ni cha karne ya 20. Kabla ya hapo Busoga ilikuwa na watawala wengi, kila mmoja na eneo lake. Inasemwa kwamba bigwala inawaunganisha Wasoga, na kwamba ina sauti katika mambo ya uongozi. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, lakini kijana anayepewa tarumbeta leo anapewa pamoja na siasa zake, na sina hakika kama mradi wowote wa urithi unajua la kufanya na sehemu hiyo ya mzigo. Akipuliza kwenye harusi ya mfanyabiashara au kwenye mkutano wa kampeni, amelinda urithi au ameuuza? Mzee wa mwaka 1960 alikula kwa mfalme. Kijana wa leo atakula kwa nani?

Uganda ilianza kutumia mtaala mpya wa sekondari ya chini mwaka 2020, na ndani yake sanaa za maonyesho zina somo lake. Kwa wanaofikiri kama Isabirye, mlango umefunguka kidogo. Ila mtihani unataka jina moja, namba moja, alama moja. Mtoto wa bigwala akiingia chumba cha mtihani ataingia na noti moja, ambayo peke yake si wimbo, wala si nusu ya wimbo. Akiipiga kwa wakati wake kamili, kati ya wenzake wanne, amefaulu kitu ambacho wengi wetu tumeshindwa ukubwani. Baraza la mitihani litamwandikia nini?