Virusi Kama Mupagazi: Dawa ya Kuifikia Misuli

Tukisikia neno «virusi», mara moja twafikiri Ebola, iliyotambuliwa kwetu Yambuku mwaka 1976, ao sida, ao surua. Basi mutu hushangaa akiambiwa kwamba waganga wanaituma virusi kusudi iponye. Jambo hili lafaa lielezwe, kwani juu ya mutoto mugonjwa padri na katekista huulizwa mara nyingi mbele ya munganga.

Ugonjwa tunaousema huitwa Duchenne, jina la munganga Mufransa wa karne ya 19. Hushika karibu watoto wa kiume tu, pengine mumoja katika 3.500 ao 5.000. Mutoto aonekana muzima. Baada ya miaka michache aanguka mara kwa mara, na akitaka kusimama ajitegemeza kwa mikono juu ya mapaja. Asipotibiwa, kwa kawaida haufikishi mwaka wa 13 akitembea. Halafu moyo na pumzi vyadhoofika. Sababu yake si ulozi. Ni kosa katika jeni moja, ndiyo andiko linaloonyesha seluli za mwili namna ya kutengeneza distrofini, protini inayolinda misuli isiharibike inapofanya kazi. Mara nyingi andiko lenye kosa latoka kwa mama. Lakini karibu mara moja katika tatu kosa ni jipya, mama mwenyewe hana. Jamaa wanaomushitaki wanamudhulumu bure: nani alichagua maandiko ya mwili wake?

Dawa ingekuwa kupeleka andiko zima ndani ya misuli. Nani atalibeba? Wataalamu walichagua virusi ndogo iitwayo AAV, iliyoonekana mwaka 1965, isiyojulikana kuleta ugonjwa kwa watu. Waondoa maandiko yake, wabakiza ganda, watia humo andiko la dawa. Huyo ndiye mupagazi. Lakini abeba herufi 4.700 tu, na andiko la distrofini lapita 11.000, kwa hiyo apewa andiko lililokatwa, lenye sehemu za lazima.

Shida ya pili ni kubwa zaidi. Akitiwa katika damu, mupagazi huyu hupenda kwenda katika ini, na misuli imeenea mwili muzima. Kusudi wapagazi wa kutosha wafike, munganga atia wengi mno: kwa kila kilo ya mutoto, zaidi ya milioni mia moja mara milioni. Ini lalemewa. Mwaka 2020 na 2021 watoto wane walikufa katika majaribio ya dawa ya namna hii kwa ugonjwa mwingine wa misuli. Mwaka 2025 vijana wawili wenye Duchenne, wasioweza tena kutembea, walikufa kwa ini, baada ya kupokea dawa iliyoruhusiwa Marekani tangu 2023.

Ndiyo sababu wataalamu wanageuza ganda lenyewe. Limejengwa kwa protini 60, na juu yake kuna vilima vidogo vinavyogusa seluli. Katika kilima kimoja wanachomeka kipande cha asidi-amino saba, kilichopangwa kwa namna nyingi mno bila kuchagua. Wazitia zote katika panya, halafu watafuta zipi zimefanya kazi kweli ndani ya misuli. Hivyo walifanya wataalamu wa Cambridge, Massachusetts, mwaka 2021. Wale wa Heidelberg, Ujerumani, walikwisha kutoa ganda lao mwaka 2020 kwa njia nyingine. Na tazama, maganda yote mawili yana asidi-amino tatu zile zile, arginini, glisini na aspartati, zinazoshika protini ziitwazo integrini juu ya seluli. Kwa panya wagonjwa, dozi ndogo mara mia na zaidi ilitosha. Bila shaka panya si mutoto.

Je, ni halali? Andiko la Roma «Dignitas Personae», la mwaka 2008, latenga mambo mawili: kuponya seluli za mwili wa mugonjwa mwenyewe ni halali kwa asili yake, kugeuza mbegu ya uzazi, kusudi badiliko lirithiwe, kwa hali ya sasa si halali. Dawa ya misuli ni ya namna ya kwanza. Ila hatari isipite faida, na wazazi waambiwe kweli yote mbele ya kukubali. Kwa sisi, anayepunguza dozi kwa kugeuza ganda afanya kazi ya maadili, si ya ufundi tu.

Mwaka 2023 bei ya dawa ile ilikuwa dola milioni 3,2 kwa mutoto mumoja. Kwa mama aliye mlangoni pa misioni leo, tumuambie ampeleke mutoto lopitali mapema: kuna dawa za kortikoidi, za bei ndogo, zinazoweza kumuongezea miaka ya kutembea.