Njia ya Oili Inapotolewa Nje ya Injini

Sungura na fisi wapumzike leo, wajukuu zangu. Nataka niwasimulie habari za pikipiki iliyozaliwa Japani, ikavuka bahari hadi Marekani, na huko ikakutana na watu wasioridhika. Mmewahi kuona pikipiki ya mashindano yenye bomba jembamba linalopanda ubavuni mwa injini, kutoka chini hadi kwenye hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda? Bomba hilo mara nyingi halikutoka kiwandani. Kuna mtu alilifunga kwa sababu alitaka kitu kingine, na tamaa yake ndiyo iliyoleta kazi hii.

Pikipiki yenyewe ni Honda CB750. Watu waliiona mara ya kwanza kwenye maonyesho ya magari ya Tokyo mwezi Oktoba 1968, na mwaka uliofuata ikaanza kuuzwa. Pikipiki kubwa nyingi za wakati ule zilikuwa na silinda mbili. Hii ilikuja na nne, zimepangwa safu moja kukingama fremu, na breki ya diski kwenye gurudumu la mbele. Ilitoa nguvu za farasi 67 kranki, yaani ile shafti ya chini inayozungushwa na pistoni, ikizunguka mara 8,000 kwa dakika.

Msiipite haraka hiyo 8,000. Kranki ikienda hivyo, kemu, yaani ile shafti ya juu inayosukuma roka ili valvu zifunguke, inazunguka nusu yake: mara 4,000 kwa dakika. Na kemu ya CB750 haina beringi za kubadilisha. Inazunguka moja kwa moja ndani ya vishikio vya alumini, chuma kigumu juu ya chuma laini, na kinachovitenganisha ni utando wa oili tu. Utando ukikosekana kwa muda mfupi, alumini inachimbika. Hakuna spana itakayoirudisha.

Kwa hiyo oili lazima ifike juu. Inafikaje? Kwenye CB750 oili haikai chini ya injini kama kwenye pikipiki nyingi mnazozijua. Ina tangi lake pembeni, chini ya kiti. Pampu inaivuta kutoka huko, inaisukuma kwenye chujio, ile kofia ya mviringo inayoonekana mbele ya injini, kisha inaiingiza kwenye mfereji mkuu uliotobolewa ndani ya chuma. Kutoka kwenye mfereji huo, sehemu kubwa inakwenda kwenye beringi za kranki. Sehemu ndogo inapanda juu kupitia matundu yaliyomo ndani ya bloku, pembeni mwa silinda, hadi kwenye kemu na roka. Ikishamaliza kazi inateremka yenyewe kwa uzito wake kupitia shimo la mnyororo wa kemu, na upande wa pili wa pampu unaifyonza na kuirudisha tangini.

Mafundi wa Honda hawakuiachia oili hiyo ipande itakavyo. Kwenye njia ya kwenda juu waliweka vipande vidogo vyenye tundu jembamba, na oringi za mpira za kuzuia kuvuja. Kazi ya tundu lile ni kubana. Mtu asiyejua akifungua injini anaweza kudhani ni uchoyo wa kiwanda. Subirini, tutarudi hapo, maana ndipo penye siri yote.

Sasa twendeni California miaka ya 1970. Kulikuwa na mtu aliyeitwa Russ Collins, mpenda mbio za mstari mnyoofu, zile za kutoka umesimama na kumaliza kabla watazamaji hawajavuta pumzi. Collins alichukua injini tatu za CB750 akazifunga kwenye pikipiki moja. Tatu! Silinda kumi na mbili chini ya mtu mmoja. Akaipa jina la kampuni ya reli, Atchison, Topeka and Santa Fe, na ukiitazama picha yake unaona jina lilistahili treni. Lakini wengi hawakuwa na fedha wala wazimu wa kufunga injini tatu. Wao walitaka injini ileile moja, iwe kubwa zaidi. Njia ya kufanya hivyo ni kuchonga bloku na kutia pistoni pana.

Chukueni kalamu. Pistoni ya kiwandani ya CB750 ina upana wa milimita 61 na inapanda na kushuka milimita 63. Mkizidisha nusu ya upana kwa yenyewe, mkazidisha kwa 3.14, kisha kwa urefu wa safari yake, kisha kwa silinda nne, mnapata sentimita za ujazo 736 hivi. Sasa tieni pistoni ya milimita 65. Tumeongeza milimita nne tu, asilimia sita na nusu ya upana. Fanyeni hesabu upya: 836. Ujazo umeongezeka kwa zaidi ya asilimia 13! Upana ukikua, eneo linakua kwa kipimo cha upana huo ukizidishwa kwa wenyewe. Ndiyo maana wachongaji hawashibi. Kila milimita wanayoila inawalipa zaidi ya ilivyostahili.

Injini za 836 zilipendwa sana, na njia ya oili ya kiwandani kwa kawaida iliendelea kuzitosha. Taabu inaanza kwa wanaotaka pistoni ya milimita 70 na ujazo unaokaribia 970. Umbali kutoka katikati ya silinda moja hadi katikati ya jirani yake hauwezi kubadilika, kwa sababu umeshapangwa na kranki. Silinda zikinenepa, kinacholiwa ni chuma kilicho katikati na pembeni yake, na humo ndimo zilimo bolti ndefu za kushikilia hedi pamoja na yale matundu ya oili. Slivu nene, yaani ala ya chuma ambamo pistoni inapita, inayotiwa ndani ya bloku inaweza kukaribia tundu la oili hadi ukuta ubaki mwembamba kupita kiasi, au hata kulipasua kabisa. Gasketi ya hedi nayo inabaki na ukingo mdogo sana wa kukalia kati ya moto na oili. Hapo mnapata pikipiki inayovuja, au inayotoa moshi wa buluu kwa sababu oili imeingia palipo na petroli.

Fundi mwenye busara hapigani na ukuta mwembamba. Anaziba matundu ya zamani kabisa, kwa kulehemu au kwa kukata hesi na kutia skrubu ya kuziba, kisha anaitafutia oili njia mpya nje. Anaichota kwenye mfereji mkuu, baada ya chujio, mahali penye shinikizo, mara nyingi pale ilipofungwa swichi ya taa ya oili. Anaunga hozi nyembamba iliyosukwa kwa nyuzi za chuma, anaipandisha nyuma ya silinda mbali na bomba la moshi, kisha anaigawa mara mbili na kuingiza oili kwenye hedi kila upande. Kwenye viungo anatumia bolti yenye tundu katikati, inayopitisha oili ndani yake, na washa mpya za shaba juu na chini. Washa za zamani zimeshabonyea na kuwa ngumu. Kuzirudishia ni ubahili wa kijinga, kwa sababu oili inayovuja hapo inapeperushwa na upepo hadi kwenye tairi la nyuma.

Mtu anaweza kudhani kazi imekwisha. Hozi ni pana, oili inapanda kwa wingi, kemu inaoga. Tatizo ni kwamba pampu ni ileile. Nyumba ya ghorofa yenye tangi moja, ukifungua bomba la uani hadi mwisho, anayeoga juu anabaki na sabuni kichwani. Katika injini yetu mambo yamegeuka: bomba lililofunguliwa sana ni la juu, na anayekauka ni kranki kule chini, pale ambapo kila pistoni inapiga kwa nguvu zote. Kemu iliyokauka inaharibika, lakini inakuonya kwa kelele. Beringi ya kranki ikikauka, injini inanoki ukiwa barabarani.

Sasa mnaelewa kwa nini Honda waliweka lile tundu la kubana. Ukiihamisha njia nje, ni lazima uhamishe na kizuizi chake. Wengine huweka jeti ya kabureta ndani ya kiungo, maana tundu lake limetobolewa kwa kipimo cha uhakika. Na hapa ile hesabu yetu inarudi na fimbo. Tundu la milimita moja likipanuliwa kuwa milimita mbili halipitishi oili maradufu. Eneo lake ni mara nne. Kanuni iliyompa mchongaji nguvu za bure kwenye pistoni ndiyo inayompokonya shinikizo kwenye tundu akikosea nusu milimita. Kwa maoni yangu, anayechonga silinda bila kuielewa hesabu hii asikabidhiwe keekee.

Tundu jembamba nalo lina adui wake, uchafu. Mwaka 1970, kwenye mbio za maili 200 za Daytona huko Florida, Honda nne aina ya CB750 ziliandaliwa kwa mashindano. Tatu hazikumaliza. Ya nne iliendeshwa na Dick Mann, Mmarekani wa miaka 35, na injini yake nayo ilikuwa inakufa mzunguko baada ya mzunguko. Mpira wa kukaza mnyororo wa kemu ulikuwa unameguka na vipande vyake kuingia kwenye oili. Mann hakuikamua. Aliibembeleza hadi mwisho, akashinda. Kwa sababu ya uchafu kama huo, hozi ya nje ichote oili iliyokwisha kupita kwenye chujio, na kabla ya kuifunga isafishwe ndani. Unga wa chuma unaobaki baada ya kukata hozi unatosha kuziba jeti.

Msidhani bomba la nje ni aibu ya mafundi wa mtaani. Yamaha waliiuza XT500 yao, pikipiki ya silinda moja iliyokuja katikati ya miaka ya 1970, ikiwa na bomba la oili nje tangu kiwandani. Cyril Neveu, Mfaransa, alishinda mbio za Paris hadi Dakar kwa XT500 mwaka 1979 na tena 1980, akipita Sahara na bomba hilo ubavuni. Hata hivyo wapo wenye XT500 ambao hawaridhiki nalo. Wanalitoa na kufunga lenye matawi mawili.

Injini ikishafungwa, haiwashwi hivihivi. Kemu inapakwa oili kwa mkono, kwa sababu bomba jipya lina hewa tupu. Plagi zinatolewa ili kranki izunguke kwa wepesi, kisha injini inazungushwa bila moto huku kiungo cha juu kimelegezwa kidogo. Mwanzoni zinatoka mapovu, halafu oili safi isiyo na hewa. Hapo ndipo kiungo kinakazwa na plagi zinarudishwa. Baada ya mwendo wa kwanza, injini ikishapoa, fundi anapitisha kidole chini ya kila washa ya shaba, mojamoja, na kukiangalia.