Ukuta Uko Wapi? Majiranukta na Mipaka katika Hesabu za Mtiririko

Mtu akisimamisha nguzo 10 za uzio katika mstari mmoja, baina yake hupatikana nafasi 9, wala si 10. Jambo hili dogo likisahauliwa, hesabu ya kompyuta kuhusu mwendo wa maji huweza kupotoka kwa zaidi ya robo.

Mwaka 1872 Ludwig Boltzmann, mwanafizikia wa Austria, alitoa mlinganyo unaoeleza jinsi molekuli za gesi zinavyosafiri na kugongana. Mwaka 1988 Guy McNamara na Gianluigi Zanetti walionyesha jinsi mlinganyo wa aina hiyo unavyoweza kutumiwa juu ya wavu wa nukta. Katika njia hii kompyuta haifuati molekuli moja moja. Kila nukta hutunza mafungu ya kimiminika. Katika wavu bapa unaotumiwa sana mafungu hayo ni 9: moja limetulia, manne yaelekea pande nne, na manne yaenda mshazari. Katika kila hatua mafungu hugongana, kisha husafiri hadi nukta jirani. Lililo kwenye (3, 5) likienda kulia hufika (4, 5). Likienda mshazari juu kulia hufika (4, 6).

Je, fungu likikuta ukuta? Kanuni iliyo nyepesi ni kulirudisha lilikotoka. Katika hatua moja fungu hilo huenda na kurudi. Basi limesafiri nusu hatua kwenda na nusu hatua kurudi. Kwa hiyo ukuta haupo juu ya nukta ya mwisho ya maji, bali takriban nusu hatua nje yake. Mahali pake hasa hubadilika kidogo kulingana na mnato uliochaguliwa.

Tuchukue mfereji wenye nukta 10 za maji, kuanzia y = 0 hadi y = 9. Kuta zake ziko kwenye -0.5 na 9.5, na upana wake ni 10. Anayedhani kuta ziko juu ya nukta za mwisho atasema upana ni 9. Maji yaendayo taratibu baina ya kuta mbili sambamba hupita kwa kiasi kinacholingana na kipeo cha tatu cha upana. Kipeo cha tatu cha 10 ni 1000, na cha 9 ni 729: tofauti ni asilimia 27.

Nukta zikiwa 100, kosa hilohilo hupungua hadi karibu asilimia 3. Lakini anayechunguza maji au mafuta yapitayo ndani ya mwamba hukuta vinyweleo vyenye upana wa nukta chache tu, na hapo nusu hatua ni kitu kikubwa.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili kwa karatasi ya grafu na penseli. Wanafunzi wachore nukta 10, waweke kuta nusu hatua nje, kisha wapime upana kwa rula kabla ya kukokotoa.