Mwanga Hutangulia, Ngurumo Hufuata

Wajukuu zangu, radi ikimulika msikimbilie kuziba masikio. Hesabuni sekunde: moja, mbili, tatu, mpaka ngurumo isikike. Mwanga na ngurumo huzaliwa pamoja, ila mwendo wao ni mbalimbali. Mwanga huwafikia papo hapo, na sauti hujikokota hewani, mita 340 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo kila sekunde tatu ni kilomita moja. Mkifika tisa, radi imepiga kilomita tatu tu kutoka mlipo. Ingieni ndani, wala msijibanze chini ya mwembe.

Hata mwanga huchelewa safari ikiwa ndefu. Kutoka kwenye jua hadi kwetu huchukua dakika 8 na ushei, kwa hiyo jua tunaloliona ni la dakika nane zilizopita.

Lakini ninalotaka mlishike zaidi ni la bahari yetu. Jumapili ya tarehe 26 Desemba 2004, karibu saa kumi alfajiri kwa saa za Mombasa, sakafu ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra, nchini Indonesia, ilipasuka na kuinuka. Maji ya juu yake yakasukumwa, tsunami ikaanza safari. Mtetemo wenyewe ulipenya ardhini na kufika Afrika Mashariki kwa dakika kama kumi. Wimbi lilikuja nyuma, mbali sana. Lilikuwa na zaidi ya kilomita 6,000 za kuvuka, na ingawa lilikwenda kasi ya ndege, lilihitaji karibu saa nane. Kwenye kina kirefu halina kimo kikubwa. Nahodha anaweza kupitiwa nalo asijue. Likikaribia pwani, kina kikapungua, ndipo hupunguza mwendo na kuinuka.

Watu wa Aceh, kule Sumatra, hawakupata hata nusu saa. Sisi tulikuwa na asubuhi nzima. Watu walikunywa chai, wakaenda kuogelea, maana ilikuwa siku ya pili ya Krismasi na fukwe zilijaa. Kenya, habari za Asia zilipofika, polisi waliwatoa watu ufukweni. Aliyekufa ni mtu mmoja. Tanzania walikufa watu wasiopungua 10. Somalia, ambako hakukuwa na wa kupiga mbiu, walikufa karibu 300, wengi wao upande wa Hafun.

Mnaona? Muda wa kuwaokoa ulikuwepo. Kilichokosekana ni habari, na habari hukimbia kuliko wimbi lolote. Hilo huniuma hadi leo.

Baada ya msiba ule nchi za Bahari ya Hindi zilijenga mfumo wa tahadhari. Sasa vipimo vya mitetemo na vya kina cha maji hutuma taarifa, na huku kwetu mamlaka za hali ya hewa ndizo huzipokea na kuzitangaza.

Lakini tangazo nalo linaweza kuchelewa. Basi mkiona bahari imekupwa ghafla, saa isiyo ya maji kupwa, miamba na samaki wakabaki wazi, msiende kuokota. Kimbilieni mlimani, na msirudi baada ya wimbi la kwanza, kwa sababu mengine hufuata, na huenda yakawa makubwa zaidi. Na mnapokimbia, waiteni wengine kwa sauti.